Binti kavunja ungo, mbona raba zimepanda darini?

Ukishuka basi Ruaha saa kumi na moja jioni, kabla hujavuka Mto Ruaha Mkuu kuingia Kidatu, joto la bonde bado halijatoka ardhini na malori ya miwa bado yanapishana na bodaboda. Ni saa ya michezo. Wavulana wamejaa uwanjani, wakubwa kwa wadogo, wengine peku, wanagombea mpira mmoja. Pembeni wasichana wa shule ya msingi wanacheza rede na kukimbizana mpaka vumbi linawafunika.

Sasa mtafute msichana wa miaka 15. Utamwona, ila hayumo uwanjani. Anapita na ndoo kichwani, au amekaa nyuma ya meza ya maandazi ya mama yake, anatazama.

Si kwamba hajui kukimbia. Karibu kila mzazi wa Kilosa na Mikumi anamfahamu binti wa aina hiyo. Akiwa darasa la sita aliwaacha wavulana nyuma, akachaguliwa timu ya kata kwenye UMITASHUMTA, akarudi nyumbani na jina. Akaingia sekondari, akavunja ungo, na tangu siku hiyo raba zikapanda darini. UMISSETA ilipofika, jina lake halikusomwa.

Hakuna aliyemkataza waziwazi. Bibi alisema "umeshakua sasa". Mama alisema usikimbie ukiwa kwenye siku zako, tumbo litaharibika. Baba hakusema kitu, ila alikunja uso alipoona bukta. Morogoro ni mkoa wenye mila za mwali, na zina mafunzo mengi mazuri ndani yake. Lakini binti aliyefundwa akatoka, akarudi shule, akaendelea na masomo, kwa nini hakurudi uwanjani?

Si tatizo la Ruaha peke yake. Watafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walikusanya takwimu za wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146. Kwa mwaka 2016, wasichana 85 kati ya kila 100 hawakufikisha dakika 60 za mazoezi kwa siku zinazopendekezwa kwa umri wao. Wavulana walikuwa 78. Kwa hiyo watoto wote wanakaa sana, ila wasichana wanakaa zaidi.

Nimekuwa nikisoma tafiti za afya ya wanawake wanamichezo kwa ajili ya makala haya, na jambo moja limenisumbua kuliko mengine. Hofu nyingi za wazazi wetu zina majibu. Majibu yapo, yamechapishwa, mengine yametoka hapa jirani Kenya. Hayajafika tu kwa mwalimu wa michezo wa sekondari ya kata, wala kwa mama anayeuza maandazi.

Miili ya wanaume, ushauri kwa wanawake

Sababu ya kwanza ya majibu hayo kuchelewa ni kwamba sayansi yenyewe ilichelewa kuuliza. Mwaka 2021 mtafiti Emma Cowley na wenzake walipitia tafiti 5,261 zilizochapishwa kati ya 2014 na 2020 kwenye majarida makubwa ya sayansi ya michezo. Watu waliopimwa walizidi milioni 12. Wanawake walikuwa asilimia 34 tu. Tafiti zilizowahusu wanawake peke yao zilikuwa asilimia 6.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ushauri anaopewa binti yako kuhusu kula, kupumzika, viatu na majeraha umetokana na vipimo vya wanaume. Wanaume hawapati hedhi, nyonga zao zina umbo lingine na homoni zao hazipandi na kushuka kila mwezi.

Afrika Mashariki iliwahi kutoa utafiti maarufu wa mwili wa mwanamke anayefanya kazi ngumu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya G.M.O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Waliwachukua wanawake wa Kikuyu na Kijaluo waliozoea kubeba mizigo, wakawatembeza kwenye mashine huku wakipima hewa wanayovuta. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu za ziada. Mama wa kilo 60 akibeba kilo 12, mwili wake ulitembea kama hajabeba kitu. Miaka tisa baadaye baadhi ya watafiti hao walieleza siri yake: iko kwenye mwendo, jinsi mwili unavyoinuka na kushuka kama timazi la saa na kuokoa nguvu katika kila hatua.

Matokeo hayo hayahusu kila mwanamke mwenye ndoo; wanawake waliopimwa baadaye Afrika Kusini hawakuonyesha unafuu huo. Ninaupenda utafiti wa Nairobi hata hivyo, kwa sababu mtu akiniambia mwanamke hana mwili wa mazoezi, najua pa kumpeleka. Lakini angalia ulichouliza: mwanamke anabebaje mzigo? Kuuliza binti huyohuyo anahitaji nini ili akimbie, acheze na asiumie, kulichukua miaka mingine mingi.

Hedhi na mbio

Tuanze na hili la tumbo, maana ndilo linalozungumzwa kwa sauti ya chini.

Kukimbia, kuruka au kucheza mpira wakati wa hedhi hakuharibu kizazi. Tena mazoezi husaidia maumivu. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2019 yalionyesha kwamba wanawake waliofanya mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, walipata nafuu ya maumivu ya hedhi. Si lazima yawe mazoezi makali. Binti anayejikunja kwa tumbo siku ya kwanza apumzike kama mwili unakataa. Kumpumzisha wiki nzima kila mwezi kwa kuwa tu yuko kwenye siku zake hakuna msingi wa kitabibu.

Kinachomtoa binti uwanjani mara nyingi ni hofu ya kuchafuka. Hapo mzazi ana kazi ya kufanya. Taulo za kike si bei ya pipi. Serikali iliziondolea kodi ya VAT mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mtumiaji. Vitambaa vya kufua vinafaa pia, mradi vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani, si kufichwa chini ya godoro vikiwa na unyevu. Bukta nyeusi ya kubana ndani ya sketi au suruali ya michezo humpa binti amani kuliko hotuba. Kwa familia zinazotaka binti ajisitiri, mavazi si kizuizi: tangu 2014 sheria za soka duniani zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa.

Na matiti. Wazazi wengi hawalitaji, makocha wa kiume ndiyo kabisa. Binti anayeona aibu matiti yakicheza wakati wa kukimbia ataacha mbio, na hatakwambia sababu. Sidiria inayobana vizuri, hata ya mtumba kutoka sokoni, ni kifaa cha michezo kama kilivyo kiatu.

Huenda umesikia kwamba klabu kubwa za Ulaya hupanga mazoezi kwa kufuata mzunguko wa hedhi. Chelsea ya wanawake ilitangaza kuanza hivyo mwaka 2020. Mimi nasema tusikimbilie huko. Tafiti zilizopo zinaonyesha tofauti ya uwezo wa mwili kati ya kipindi kimoja cha mwezi na kingine ni ndogo sana kwa wengi. Lakini daftari la kutia alama siku hedhi ilipoanza na ilipoisha lina faida nyingine, kubwa zaidi.

Anakimbia, anakula nini?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walikwenda kwa wasichana wa Kenya wenye vipaji vya mbio, wakawalinganisha na wenzao wa rika lao wasio wanariadha. Walipima wanachokula na nguvu wanayotumia, wakawauliza kuhusu hedhi. Matokeo yalichapishwa 2016: wakimbiaji ndio walioonekana zaidi kuwa na upungufu wa nishati na hedhi zilizovurugika. Yaani katika nchi inayoongoza dunia kwa mbio, mabinti wanaotazamiwa kuleta medali walikuwa wanakimbia kuliko wanavyokula.

Tatizo hilo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa jina rasmi mwaka 2014, na tangu hapo wataalamu wanalichukulia kwa uzito. Mwili unaopewa chakula kidogo kuliko kazi unayofanya huanza kubana matumizi, kama mama mwenye shilingi elfu tano na siku nne mbele yake. Unazima kwanza visivyo vya lazima kwa uhai, na hedhi ni mojawapo. Kisha mifupa inadhoofika, kinga inashuka, binti anaugua mara kwa mara na kasi yake inapungua. Kocha asiyejua atamwongezea mazoezi.

Ndiyo sababu ya daftari. Miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, tarehe huyumba na hilo ni kawaida. Lakini binti aliyekuwa anaona siku zake, kisha miezi mitatu ikapita bila kuziona, apelekwe kituo cha afya. Vilevile aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo. Najua wazo la kwanza la mzazi ni lipi. Mimba itapimwa, ni utaratibu wa kawaida. Ila majibu yakitoka hakuna mimba, tafadhali usifunge faili na kushukuru Mungu tu. Muulize daktari kuhusu chakula na mazoezi.

Chakula chenyewe hakihitaji duka la dawa. Bonde hili lina mpunga, mahindi, maharage, mboga za majani, ndizi, na wafugaji wanaouza maziwa. Binti anayefanya mazoezi jioni asitoke nyumbani asubuhi na chai ya rangi na andazi moja, akasubiri mpaka usiku. Kiporo cha wali na maharage asubuhi ni chakula cha mwanariadha. Karanga mfukoni, yai akipata, dagaa, maziwa. Muwa ni mtamu na unatia nguvu ya haraka, lakini muwa si chakula cha mchana, hata kama umezungukwa na mashamba ya miwa.

Na damu. Nchini kwetu zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo, hedhi nzito na chakula chenye madini chuma kidogo vyote vinachangia. Binti mwenye damu pungufu huishiwa pumzi mapema, moyo unamwenda mbio, kichwa kinauma, nasi tunamwita mvivu. Kipimo cha wingi wa damu ni cha kawaida kwenye vituo vya afya. Nyama, dagaa, maharage na mboga za kijani husaidia. Chungwa au pera pamoja na chakula huusaidia mwili kufyonza madini chuma, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Isogeze chai mbele kwa saa moja.

Goti

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye uandishi. Niliacha netiboli kidato cha tatu. Nilitua vibaya nikidaka mpira, goti likapinda kwa ndani, likavimba kama embe. Nilifungwa kitambaa, nikaambiwa nipumzike litapona. Lilipona kwa namna yake. Hakuna aliyeniambia kwamba kulikuwa na njia ya kuzuia.

Wasichana wanaocheza michezo ya kukimbia, kusimama ghafla na kuruka wana hatari ya kukata kano ya katikati ya goti mara mbili au zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule. Kano hiyo ndiyo inayoizuia mifupa ya mguu kuteleza. Ikikatika, wengine hawarudi tena uwanjani. Sababu ni nyingi: umbo la nyonga, nguvu za misuli ya paja, namna ya kutua. Nyingine ni ya kijamii tu: wavulana wamefundishwa kuruka na kutua tangu wadogo, wasichana wamefundishwa kukaa vizuri.

Mwaka 2007 watafiti wa Norway waliwafuatilia wasichana 1,892 wenye umri wa miaka 13 hadi 17 katika klabu 125 za soka. Kundi moja lilipewa utaratibu maalumu wa kupasha misuli kwa dakika 20 kabla ya mazoezi. Jingine likaendelea na mazoea yake. Mwisho wa msimu, waliofuata utaratibu walikuwa na majeraha pungufu kwa karibu theluthi, na majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Utaratibu huo unaitwa FIFA 11+. Hauhitaji mashine wala umeme. Ni kukimbia taratibu na kugeuka, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa na kuinuka, kuruka na kutua magoti yakiwa yameelekea mbele bila kugongana. Michoro yake inapatikana bure mtandaoni, na mwalimu mwenye simu kama hiyo unayosomea hapa anaweza kuifungua.

Kwa hiyo mzazi, ukienda kikao cha shule na ajenda ya mengineyo ikafika, uliza: watoto wetu wanapasha misuli kwa dakika ngapi, na vipi? Uliza pia wanafanya mazoezi saa ngapi. Kwa joto la bonde hili saa nane mchana si saa ya kukimbiza mtoto, na msimu wa kuchoma miwa moshi ukitanda ni heri wahamishie mazoezi siku nyingine. Mzazi wa Mikumi anayekataa binti asikimbie alfajiri peke yake ana haki. Kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi tembo hawana ratiba, na barabara kuu ina malori. Suluhisho ni kukimbia kwa kundi, uwanjani, kukiwa kumepambazuka.

Hofu ya baba

Ile hofu ambayo baba hakuitaja, nitaitaja mimi. Anaogopa wanaume walio karibu na mazoezi.

Hofu hiyo si ya ushamba. Oktoba 2021 Kenya ilimzika Agnes Tirop, mkimbiaji wa miaka 25 aliyekuwa ametoka kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, mwezi mmoja tu kabla. Aliuawa nyumbani kwake Iten. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, kwa sababu waliijua hali yenyewe: binti anaanza kushinda, anazungukwa na mwanaume anayejiita kocha, meneja na mchumba kwa wakati mmoja, na fedha zinapita mikononi mwake.

Kumfungia binti ndani hakumwondoi katika hatari. Wengi huumizwa wakiwa njiani kwenda shule au dukani, na wengine nyumbani. Kinachomlinda ni watu wazima wanaojulikana. Mjue kocha kwa jina na kwao. Timu ya wasichana ikisafiri, awepo mwalimu wa kike au mama mmojawapo. Hakuna mazoezi ya binti mmoja na kocha mmoja mahali pa faragha. Na binti ajue kwamba akikwambia "kocha amenishika vibaya", hutaanza kwa kumuuliza alivaa nini.

Hapa ndipo suala la ajira linapoingia. Kama shule ina mwanamke anayefundisha michezo, anayejua hedhi kwa kuipitia na goti kwa kulisomea, nusu ya hofu hizi zinakosa pa kusimama.

Ajira zipo, tena si za mbio tu

Wazazi wengi wanadhani michezo ina kazi moja: kuwa nyota. Na kwa kuwa nyota ni wachache, wanaona bora binti asome. Nyota wapo, tuwatendee haki. Wote tunamjua Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya 1974. Wangapi wanajua kwamba mwaka 1965 Theresia Dismas alishatuletea medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka michezo ya Afrika ya Brazzaville? Mwaka 2022 Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule India. Walifungwa 4-0 na Japan mechi ya kwanza, nchi nzima ikainamisha kichwa, kisha wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada na kufika robo fainali. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin Marathon kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41.

Lakini nyuma ya kila mmoja wa hao kuna watu wanaolipwa kwa kujua kitu. Mtaalamu wa fiziotherapia anayerudisha goti. Mtaalamu wa lishe. Daktari wa timu. Kocha wa viungo. Mwamuzi. Mwalimu. Mtafiti anayepima na kuandika. Nafasi hizo kwa upande wa wanawake hazijajaa, na timu zinaongezeka: klabu kubwa sasa zina vikosi vya wanawake, na Simba Queens mwaka 2022 walichukua ubingwa wa CECAFA na kumaliza wa nne Afrika.

Njia zipo hapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kinafundisha ukocha, elimu ya viungo na uongozi wa michezo. KCMC Moshi ndiko fiziotherapia ilikokita mizizi nchini, na anayesomea huko halazimiki kungoja timu ya mpira imwajiri. Hospitali zina wagonjwa wa kiharusi, mifupa na ajali za bodaboda kila siku. Kwa binti aliye kidato cha pili, mlango wa kozi za afya uko kwenye baiolojia, kemia na fizikia. Ni masomo yaleyale anayotakiwa kuchagua mwakani, na ndiyo yaleyale tunayowaambia wasichana ni magumu.

Jonesia Rukyaa alipuliza filimbi mechi ya Yanga na Simba Februari 2016, mbele ya nchi nzima, mechi ambayo wanaume wazima huogopa kuichezesha. Barbara Gonzalez aliteuliwa mtendaji mkuu wa Simba mwaka 2020, kazi ya ofisini, ya hesabu na mikataba. Mabinti zetu wamewaona kwenye simu. Sidhani kama kuna mtu amewaambia kwamba hizo ni kazi zenye njia ya kufikia.

Na mama mwenyewe? WHO inapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kulima, kutembea kwenda sokoni na kubeba maji vinahesabika. Mama wa Ruaha anayepalilia ana zake tayari. Mama anayekaa dukani kutwa, au mwalimu anayekaa ofisini, hana. Hata mjamzito asiye na tatizo anashauriwa angalau dakika 150 kwa wiki, akizungumza kwanza na mkunga kliniki. Binti anayemwona mama yake akitembea jioni kwa ajili ya afya, na si kwa kutumwa, anapata ruhusa bila kuombwa.

Nilipokuwa naondoka Ruaha mechi ya wavulana ilikuwa imefika kipindi cha pili na ugomvi wa kuotea ulikuwa umeanza, maana hapakuwa na mshika kibendera. Kuna mabinti wangapi pale pembeni wanaoijua sheria ya kuotea kuliko wachezaji wenyewe? Kibendera ni kitambaa kwenye kijiti. Mwalimu anaweza kumpa mmoja wao Jumamosi hii, hata yule mwenye goti bovu.